Pua ya Wifi

Kisanduku kiliwaka taa nyekundu Jumatatu asubuhi, mstari wa sita, na mimi nikakitukana mbele ya watu.

Kilikuwa kisanduku cheupe kilichoning'inia juu ya nyanya, kazi yake kunusa hewa ya banda letu la nailoni. Fundi aliyekileta alinieleza kwamba jani likianza kushambuliwa hubadili harufu, siku kadhaa kabla ya doa lolote kuonekana. Loo! Ananifundisha mimi? Miaka sita nilikuwa nikipita mistari ile kabla jua halijapasha nailoni, nasugua jani, nanusa. Jani zima lina ukali unaokwama kooni. Jani linaloumwa hutoa utamutamu wa kuchukiza. Mara mbili niliokoa banda zima kwa pua hii, ndiyo maana wafanyakazi wote wananiita Pua.

Mwenye banda ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Aliacha ualimu kwa ajili ya nyanya, hana kingine. Mume wangu alipofariki alinichukua kwake, akanipa chumba na kazi. Tunataniana kutwa. Fundi alipouliza siku ya kwanza kama kuna wifi ya kuunganisha kisanduku, nilimjibu, "Yupo, anakoroga mbolea." Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Tangu yale mafua mabaya yaliyonilaza wiki mbili, nilikuwa sisikii harufu yoyote. Vitunguu viliungua jikoni nikiwa nimesimama palepale. Nilinyamaza. Bila pua mimi ni nani pale? Mjane wa kulishwa tu. Kila asubuhi nilipita mistari, nikasugua majani, nikasema safi.

"Mama, ng'oa mstari ule leo hii, mingine uipulizie dawa," fundi alimwambia wifi.

"Ngoja kwanza Pua anuse," wifi alisema. "Hicho kisanduku nimekijua juzi."

Nilienda mstari wa sita. Nikasugua jani, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Sikusikia kitu, ni kama nilikuwa nanusa ukuta. Nikageuka, nikawaona wote wamenikodolea macho, wifi mbele yao, anatabasamu tayari.

"Safi kabisa," nikasema. "Kisanduku chenu kina mafua."

Wakaangua kicheko. Fundi peke yake hakucheka. Alimsihi wifi mara mbili, wifi akamwambia Pua akishasema imetosha, kisha akakifunika kisanduku kwa ndoo ili ile taa isimsumbue.

Alhamisi madoa yakatokea. Jumamosi majani yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, si mstari wa sita tu, banda zima. Ilikuwa bakajani, ule ukungu unaomaliza nyanya kwa siku chache. Fundi alikuja, akatazama, akaondoka bila kunisemesha. Heri angenitukana.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa tunang'oa. Rundo la nyanya zilizooza lilifika kiunoni. Wifi alinisogelea, macho yamevimba, akanishika bega.

"Usijilaumu, wifi yangu," alisema. "Kama hata wewe hukusikia, hakuna binadamu ambaye angesikia."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaona ananitazama usoni kwa namna nyingine.

"Mbona hujajifunga kitambaa?"

Nikageuka. Wote walikuwa wameziba pua kwa vitambaa, mmoja anatapika kando ya mlango. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya rundo, uso wazi, napumua kama kawaida.

"Uvundo wote huu, Pua?" Sauti yake ikashuka. "Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

Alikuwa ameshika mche uliong'olewa, udongo unadondoka kwenye viatu vyake. Akautupa kwenye rundo.

"Ungeniambia tu," alisema. "Nani alikwambia nakuweka nyumbani kwangu kwa sababu ya pua?"

Nililia. Hakunibembeleza. Alikaza kitambaa chake, akainamia mstari wa saba.

"Shika upande ule," alisema. Hakuniita Pua, wala hakuniita wifi.

Nikashika.