Jibu Halimo Kwenye Mwongozo

Serikali ilipoamuru kila shule iwe na somo la uhalifu wa chuki, ule wa kumdhuru mtu kwa sababu ya kabila au dini yake, na kwamba atakayefeli somo hilo hapandi darasa, shangazi mtu alifurahi kama mjinga. Alisema kumbe wakubwa nao wana masikio. Furaha yenyewe ilidumu mpaka siku binti wa marehemu kaka yake aliporudi nyumbani mapumziko ya mchana na karatasi ya mtihani: thelathini na tano, na kufaulu ni arobaini. Swali la mwisho, la alama kumi, lilikuwa limepigwa mkasi mwekundu wa kosa, na pembeni pameandikwa, "Jibu halimo kwenye mwongozo."

Swali lilitaka mfano mmoja wa uhalifu wa chuki na chanzo chake. Binti alikuwa ameandika: "Baba yangu, fundi viatu. Watu wa mtaani walisema kabila letu lirudi lilikotoka. Walimfungia kibandani kwa nje, wakatia moto."

"Ebo!" Shangazi aliacha cherehani na gauni la mteja lililoshonwa mkono mmoja tu, akatoka na futi yake shingoni, huku amemshika binti mkono. Binti alikwisha kurudia darasa mwaka ule wa msiba, na shule ile hairuhusu kurudia mara mbili. Akifeli safari hii, shule ndiyo basi tena.

Ofisini, mkuu wa shule alikuwa anakunywa chai. Ukutani juu ya kichwa chake palibandikwa tangazo kubwa la rangi, "Shule Hii Haina Chuki," na picha yake mwenyewe katikati, kubwa kuliko maneno. Akamwita mwalimu wa somo. Huyo wanafunzi walimbatiza Mwongozo, maana bila kile kijitabu cha majibu alichokumbatia hata salamu ilimshinda.

"Mwalimu, mlitaka mfano," alisema shangazi. "Mfano si huu? Au mlitaka awaletee na majivu?"

"Mama, mwongozo una mifano miwili tu, yote ya nchi za mbali. Kuna duka lililochomwa, na kuna abiria aliyepigwa. Jibu jingine lolote ni sifuri. Sikuutunga mimi."

"Hilo duka ulishawahi kuliona?"

"Hapana."

"Na kibanda cha kaka yangu?"

Mwongozo akainamisha macho. Alikuwa akipita pale kila asubuhi, na soli za viatu alivyovaa wakati ule ule alizishona marehemu. Mwanamume mzima na tai yake, anatazama kazi ya mikono ya maiti na bado anasema sifuri. Shangazi alitamani kumvua viatu palepale.

Mkuu akajikohoza. "Mama yangu, ripoti ya polisi ilisema moto ule ulikuwa hitilafu ya umeme."

"Umeme! Kibanda kile hakikuwa na hata taa! Kaka yangu alikuwa anafunga kazi jua likizama, haoni tundu la sindano. Umeme ulitoka wapi, mfukoni mwako?"

"Nielewe. Wazazi wa wenzake ndio kamati ya shule. Nikiweka tiki hapo, ni kama nimetia saini kwamba waliua."

"Kwani hawakuua?"

Mkuu akapiga funda la chai. Loo, kiumbe yule! Alimeza chai kwanza, ndipo akamsogezea binti karatasi nyeupe na kalamu. "Mimi ni mzazi pia. Aandike upya mfano wa kitabuni, hapa hapa, nimpe kumi zote. Asipotaka, simlazimishi. Achague mwenyewe."

Binti hakugusa kalamu. Alimgeukia shangazi yake, akangoja.

Shangazi aliona mwaka mzima wa mtoto akizurura nyumbani, kisha mwingine, kisha miaka yote iliyobaki.

"Andika wanavyotaka," alisema.

Binti akakaa, akaandika lile duka la mbali, mistari minne. Kisha akainua kichwa. "Mwalimu, mwenye duka alikuwa na watoto?"

Mwongozo akafungua kijitabu chake, akafuatisha kidole mstari kwa mstari, kwa dhati kabisa. "Haijaandikwa," alisema. "Lakini si lazima." Akapiga tiki.

"Safi sana," alisema mkuu, meno yote nje.

Walipotoka, shangazi alimshika tena binti mkono, akafungulia bomba la matusi. Waoga wakubwa! Mbwa wana haya kuliko hawa! Wanafundisha chuki kama hadithi ya mwezini, na wauaji wanasalimiana nao mikono miwili! Alitukana njia nzima ya uwanjani mpaka getini, na binti akamwacha amalize.

"Shangazi," alisema, "wao walisema nichague. Aliyeniambia niandike ni wewe."

Shangazi alitaka kusema alifanya vile kwa ajili yake, na ilikuwa kweli, lakini maneno yalikuwa yale yale ya mkuu, mimi ni mzazi pia. Akajiona ovyo kuliko wote waliokuwa mle ofisini.

Kengele ya vipindi vya mchana ililia. Binti aliutoa mkono wake taratibu katika mkono wa shangazi, akarudi darasani bila kuaga.