Chaki Kwenye Injini ya Marehemu

Mimi uchafu siuwezi, na asinisimange mtu kwa hilo. Gari lile marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshatumika, akalitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Ndiyo sauti yake pekee iliyonibakia. Likinguruma uani, moyo wangu hutulia.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi magari. Siku moja aliniambia mkanda wa taimingi, ule unaozungusha gia za injini kwa pamoja, umechoka, ukikatika njiani valvu zitagongana na pistoni na injini ndiyo basi tena. Ana adabu huyo mpaka inakera. Chumvi ikizidi kwenye mboga, anakula tu na kushukuru. Basi akaufungua mkanda, akatia alama za chaki kwenye gia zake, akaenda dukani kutafuta mpya.

Huku nyuma nikatoka kumwaga maji, nikaona chaki kwenye injini. Nikajua ni wajukuu tu, maana ukuta gani hawajauchora? Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikasugua. Gia ya juu nikaizungusha kidogo ili nifikie upande wa pili. Ilitakata, wallahi.

Aliporudi, mkanda mpya mkononi, akaikodolea macho injini. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza taratibu kwamba zile alama ndizo za kumwonyesha gia zikae wapi. Akikosea, injini itajivunja yenyewe. Nikakaa chini palepale. Nimemzika mume wangu mara ya pili, nikawaza.

Yeye akainama na tochi, akitafuta vialama vya kiwandani vilivyochongwa kwenye chuma. Akavipata, tena upesi kwa kuwa palikuwa safi. Hilo yeye hakulisema, nalisema mimi. Akazipanga gia, akazivisha mkanda, akaizungusha injini kwa spana polepole, sikio limetegwa. Akarudia tena. Haikugota popote.

"Washa, Mama."

Nikaingia, nikazungusha ufunguo. Gari likakohoa, kisha likanguruma vilevile kama zamani. Nikalia bila aibu.

Mkwe akafunga boneti kwa kishindo. "Mama, siku nyingine ukigusa injini bila kuniuliza, tutakosana. Umenisikia?"

Binti yangu, aliyekuwa mlangoni, akajiziba mdomo kwa hofu. Mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mgeni hawezi kukugombeza nyumbani kwako. Anayeweza ni mwanao.

"Nimesikia, baba," nikamjibu.