Nguzo Zilizochipua

Wakubwa wana kawaida yao. Jambo likienda vizuri ni lao, likiharibika ni la aliyeshika jembe. Nyabuto alilijua hilo tangu mlima ulipomchukulia mke. Kabla ya siku ile alikuwa amewaonyesha wakubwa ufa ulio juu ya shamba lake la chai, si mara moja, mara mbili. Mara zote mbili waliandika jina lake kwenye karatasi wakaenda zao. Mvua za mwezi wa nne zikaja, ufa ukafunguka, na kipande cha shamba kikateremka na mkewe Persis akiwa anachuma. Wakubwa walifika mazishini wakaketi chini ya turubai, mstari wa mbele.

Basi miaka mitatu baadaye mradi wa kuulinda mlima huo ulipofika Ekerenyo ukitafuta mtu wa kuchimba mashimo, Nyabuto alifika kabla hawajamaliza kuuliza.

Zilitakiwa nguzo sita kupanda mlima. Juu ya kila nguzo kisanduku cheupe na sola ndogo kama sinia. Chini yake kipimo kilichozikwa udongoni, cha kujua udongo umelowa kiasi gani na kama umeanza kusogea. Kati ya nguzo na nguzo hapakuwa na waya. Ya sita iliipa ya tano habari hewani, ya tano ikaipa ya nne, hivyo hivyo hadi mtambo uliokuwa barabarani, nao ukatuma ujumbe kwenye simu za watu. Mlima ukilegea, watu wahame kabla.

Injinia alikuwa Celestine, binti wa kutoka Sironga, na aliagiza nguzo kavu. Siku aliyokwenda mjini kuchukua visanduku, mwenyekiti wa kamati, Onchiri, alileta nguzo mbichi za mti wa omotembe zilizokatwa uani kwake asubuhi hiyo hiyo.

"Mwenyekiti," Nyabuto akasema, "omotembe huota hata ukiuchomeka kichwa chini. Na mvua ndiyo hii inakuja."

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi chimba."

Onchiri akazipaka rangi nyeupe ili zipendeze wageni. Celestine aliporudi alikuta nguzo sita zimesimama zinang'aa, akazidhani kavu, akavifunga vyombo vyake hapo. Nyabuto alimtazama akifunga, asiseme neno.

Wiki ya sita, siku ya Jumatano, Celestine alirudi amekunja uso. Nguzo ya nne ilikuwa imenyamaza, na kwa kuwa ya tano na ya sita zilipitia kwake, nazo hazikusikika. Ijumaa wakaguzi wangekuja. Zisipoongea zote sita, vyombo vingeng'olewa vipelekwe mlima mwingine upande wa Magwagwa.

"Ni huyu mchimbaji," Onchiri akasema. "Alipanda vibaya."

Nyabuto alichukua panga akatangulia kupanda, Celestine nyuma yake.

Nguzo ya nne ilikuwa imepasua rangi ya mwenyekiti. Matawi manne, yenye majani mapana, yalikuwa yameifunika sola kama mtu aliyevaa kofia hadi machoni.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni nguzo ya mwenyekiti, mwanangu. Ukiipa mwaka itatoa maua."

Celestine alitaka kucheka, kicheko kikakwama. "Ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia yeye. Wewe sikukuambia."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kuambia watu."

"Na mimi ni watu?"

Nyabuto akaona aibu. Akayakata matawi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sasa si tumemaliza?" Celestine akauliza.

"Yatarudi. Na mizizi imeshashika, itasukuma kipimo chako. Zote sita ni za kung'oa."

"Nguzo kavu kutoka mjini ni Jumatatu, Mzee."

Nyabuto akatazama chini, kwenye paa la jiko lake. "Ninazo nguzo sita za sipresi kwenye dari ya jikoni. Zimekula moshi miaka minne."

"Za kazi gani?"

"Za nyumba. Persis alitaka nyumba yenye baraza." Akafuta panga kwa majani. "Twende tukazishushe."

Alhamisi, toka alfajiri, walibeba moja moja. Nyabuto alipaka miguu ya nguzo oili chafu ya pikipiki kwa ajili ya mchwa, akashindilia mawe kwa mtarimbo, na kabla ya kwenda kwenye shimo lingine alisimama nyuma ya kila nguzo, jicho moja amefumba, hadi aione ile ya chini yake. Ya tano ilizibwa na migomba ya jirani yake Nyanchera. Nyanchera mwenyewe akaja akaikata mitatu. Jua lilipochungulia saa tisa, Celestine alimwonyesha simu. Vitone sita vya kijani. Nyabuto alivihesabu kwa kidole, kutoka chini kwenda juu.

Ijumaa wageni walifika, na Onchiri, ambaye hakuwa amepanda mlima wiki nzima, akashika kipaza sauti bila kuzitazama nguzo.

"Nguzo hizi nimezitoa mimi, kwangu nyumbani. Ni omotembe halisi."

Mkaguzi, mama mmoja wa makamo, aliishika nguzo ya kwanza akainusa. "Omotembe wa kwenu unanuka sipresi?"

"Na moshi wa jikoni," Nyanchera akadakia, na watu wakacheka hadi waliokaa vitini wakainama.

"Nani alizisimamisha?" mama akauliza.

Celestine akaonyesha kwa mkono. Nyabuto akavua kofia, akaivaa tena.

Walipofika kwenye orodha ya simu za tahadhari, Onchiri akasema ya kwanza ni ya mwenyekiti.

"Ya kwanza ni ya anayelala chini ya mlima," Celestine akasema. "Tayari nimeiandika. Natuma ujumbe wa kujaribu."

Simu ikatikisika kwenye koti la Nyabuto. Aliisogeza mbali na macho, akasoma polepole, neno kwa neno: "Nguzo sita zinafanya kazi. Udongo umetulia."

Kisha akasoma mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, akiwa amemgeukia mwenyekiti.