Nguzo za Kwezi

Mwaka 1981 Ghati alibomoa kibanda cha mwanawe ili apate nguzo.

Selestine alikuwa ameondoka miaka minne kabla, kwenda kuchimba dhahabu Geita. Mwaka wa kwanza alituma barua mbili na kanga. Baada ya hapo, kimya. Baba yake, fundi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, alikwishafariki, na Ghati, Mkurya aliyemfuata mume hadi Songwa, Usukumani, hakuwa na ndugu hata mmoja wa karibu. Kila Jumamosi alifagia kibanda kile, akafunga mlango kwa kamba, akaenda kula peke yake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ekari moja ya ardhi tupu. Miti yake ilikatwa watu walipohamishiwa kijijini, na tangu hapo mvua ilikuwa ikichukua udongo. Mara mbili alipanda miche, mara mbili ikakauka. Kisha siku moja, akianua nguo, akaona miche mitatu ya mkole chini ya kamba. Hakuwa ameipanda yeye. Kesho yake aliketi mlangoni asubuhi nzima, akawaona kwezi, ndege wala matunda, wakitoka kilimani kulikobaki mikole, wakitua kwenye kamba, wakiacha kinyesi chenye mbegu, wakiruka.

Kule kwenye ekari yake hawakuwa na pa kutua.

Kutoka kibanda kile alipata nguzo kumi na tisa. Kila moja aliifungia kijiti cha kukingama juu, akaisimika kwenye ekari ile, akachimba kishimo chini yake cha kukinga maji, akazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Wapita njia walitazama, wakaacha kumsalimia. Siku ya tano akaja Bujiku, balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Mama Selestine, vitu gani hivi?"

"Ni mahali pa ndege kupumzika."

"Mtama unatoa masuke, nawe unakaribisha ndege?"

"Hawa si kweleakwelea. Kwezi wanakula matunda, wananiletea mbegu za miti."

"Huko kwenu Tarime ndivyo mnavyofanya?"

Ghati aliinama akaendelea kuzungushia miiba. Miaka ishirini alikuwa amezika, amelima na kucheka na watu hawa.

Juma lililofuata kweleakwelea walishuka kama moshi, wakamaliza mtama wa kijiji kizima, na wake pia. Alasiri moja alirudi kutoka kisimani akakuta nguzo kumi na nne zimeng'olewa. Alipopita kwa Bujiku, Klara, mke wa balozi, alikuwa akipika. Jikoni ilichungulia nguzo yenye alama za kisu, zile ambazo Selestine alijipimia urefu akiwa mdogo. Moto ulikuwa umefika alama ya pili.

"Habari za kutwa, Klara," alisema Ghati.

"Nzuri," alijibu Klara, akiinamia chungu.

Ghati alikwenda zake. Usiku ule hakula. Asubuhi alichukua jembe, akashindilia vizuri nguzo tano zilizobaki.

Masika ya kwanza miche ilichipua chini ya zote tano. Masika ya pili ikamfika magotini, na nyasi zikaanza kujaza katikati. Mwaka 1984 mvua iliposusa, malisho yote yakawa vumbi isipokuwa pale. Klara alikuja na mundu, akasimama mbali.

"Mama Selestine, ndama wetu hasimami tena. Mume wangu anaona haya kuja."

"Kata."

Klara alikata mzigo mmoja, kisha akabaki akishikashika majani ya mkole. "Ulipanda lini?"

"Sikupanda mimi."

Mwezi huo mkutano wa kijiji uliamua ukingo wa korongo lililochimbwa na mvua utengwe uwe ngitili, malisho yasiyoguswa mpaka kiangazi, na kila kaya ilete nguzo mbili. Bujiku mwenyewe alimwita Ghati aonyeshe. Akawapimia hatua kumi na mbili kati ya nguzo na nguzo, akawafundisha vishimo na miiba. Walimsikiliza. Walitaniana kwa Kisukuma, akaelewa nusu, akatabasamu na wengine. Hakuna aliyetaja nguzo zilizochomwa. Alingoja kidogo, huenda mtu angezitaja.

Jioni walitawanyika kwa makundi, kila kundi na njia yake. Ghati alishika ya kwake, akasonga ugali wa mtu mmoja. Kesho yake, kabla jua halijapanda, alikuwa wa kwanza kufika korongoni.