Mtani Mlangoni

Habakuki alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba siku ile hatafungua mdomo. Paulina hakuridhika na kiapo. Alimfuata mpaka getini, kanga mabegani, akarudia yale yale aliyoyasema tangu asubuhi.

"Baba Erasto, leo mtoto wa watu ana intavyuu. Ukirudi sokoni pitia nyuma, kaa jikoni, kunywa chai yako, nyamaza. Umenisikia?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Ungekuwa mtoto ningekufungia ndani."

Huyo mtoto wa watu ni Munira, binti wa marehemu Mhina wa Sindeni, kule Handeni. Alikuwa mtaalamu wa maabara pale Korogwe na alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Habakuki, Manundu. Mpangaji kwa jina tu, maana alikula sahani moja na wenye nyumba na kugombezwa kama mtoto wao. Alikuwa ameomba ufadhili wa kusomea uzamivu katika chuo kimoja cha Ulaya. Udaktari wa kitabu huo, si wa sindano, kama Habakuki alivyowaeleza wateja wake, hata wale ambao hawakuuliza. Munira alitaka kuchunguza kansa ya koo, ile inayoziba njia ya chakula, iliyomuua baba yake. Wanafunzi wa kigeni kutoka kila pembe ya dunia waliugombea ufadhili huo. Wakachujwa, wakachujwa tena, wakabaki wachache wa kuhojiwa kwa kompyuta, na Munira akiwamo. Na haikuwa nafasi ya kusema ikishindikana tutajaribu mwakani. Masharti yalitaka mtu asiwe amemaliza shahada ya pili muda mrefu, na yeye mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Akikosa, amekosa moja kwa moja.

Sasa, asiyeujua utani wa Msambaa na Mzigua aelezwe kidogo, anayeujua avumilie. Habakuki ni Msambaa wa Soni, alishuka Korogwe ujanani kuuza viazi, karoti na kabichi. Mhina alikuwa Mzigua, mkulima wa mahindi. Watani hao. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, akakuvua kofia akaivaa yeye, akaingia msibani kwako akawachekesha wafiwa mpaka wakasahau kulia, na hakuna wa kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Na ukipata jambo kubwa, iwe harusi, iwe cheo, iwe safari, mtani wako anakuzibia mlango hutoki mpaka umpe kitu: kuku, soda, chochote. Mhina na Habakuki walifanyiana hivyo miaka yote ya urafiki wao. Mhina alipokufa utani haukuzikwa naye. Munira aliurithi, na kwa kweli aliuweza.

Basi Habakuki alirudi sokoni mapema kuliko kawaida yake, eti biashara imedorora. Biashara gani, umbea tu! Alipitia nyuma kama alivyoagizwa, akakaa jikoni, akamimina chai. Paulina alikuwa ametoka kwenda dukani kufuata sukari. Kutoka chumba cha mbele sauti ya Munira ilisikika ikimwaga Kiingereza, na Habakuki akatikisa kichwa kwa raha, ingawa hakuambulia hata neno. Kisha sauti ikakatika. Akasikiliza. Kimya. Akanywa funda la chai, akasikiliza tena. Kimya kile kile.

Kwa Habakuki kimya kina maana moja tu: mambo yamekwisha. Na kama yamekwisha, mlango haujazibwa! Binti wa Mhina ahojiwe na Wazungu, amalize, atoke hivi hivi tu kama anakwenda kuanika nguo? Wasambaa wa Mombo mpaka Mtae wataiweka wapi sura yao? Mzee mzima akasahau kiapo, akasahau mke. Akachukua ungo akajitwika kichwani, akachota majivu jikoni akajipaka mashavuni, akashika mwiko, akausukuma mlango kwa bega.

"Mzigua hapiti! Leo Mzigua hapiti! Toa kuku, toa mbuzi, toa mjomba wako tumpeleke milimani akalime karoti!"

Munira hakuwa anatoka. Alikuwa amekaa pale pale mezani, kajifunika uso kwa viganja. Na kwenye kompyuta mbele yake kulikuwa na nyuso za watu, kila mmoja kwenye kijisanduku chake, zinamkodolea macho Habakuki. Mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi alikuwa ameacha mdomo wazi. Mzee aliyevaa tai alisogeza uso karibu na kioo ili aone vizuri.

"Yesu wangu," alisema Habakuki kwa sauti ndogo, na ungo ukamteremkia usoni.

Kilichotokea kabla hajaingia alikuja kukijua baadaye. Yule mama mwenye mvi alikuwa ameuliza swali. Wagonjwa wa kwenu, alisema, wanafika hospitali wakati hata maji hayapiti. Utafiti wako unataka watu ambao dalili ndiyo kwanza zinaanza. Utawapata wapi, ikiwa wewe mwenyewe umeandika kwamba watu wanaficha? Munira akajibu: matangazo, mikutano ya kijiji. Mama akasema hayo wengine wameshayafanya, na watu hawakuja. Hapo ndipo Munira alipokwama, kwa sababu ilikuwa kweli na alijua ni kweli. Na katikati ya kimya kile ndimo alimoingia Msambaa na mwiko wake.

Habakuki alianza kurudi kinyumenyume. "Sori," alisema. "Sori, sori." Kiingereza chake kiliishia hapo. Moyoni alijisemea kwamba amemuua Mhina mara ya pili.

Yule mama akasema kitu. Munira akashusha viganja usoni. "Baba Erasto, ngoja kwanza. Wanauliza wewe ni nani."

"Waambie fundi bomba, nimekosea nyumba."

Munira akapasuka kicheko. Hakutaka kucheka, masikini, lakini kilimtoka kicheko kile kile cha Mhina, cha kukohoa mwishoni. "Sema ukweli wewe."

"Ukweli si unaujua? Mimi mtani wako."

Munira akafungua mdomo atafsiri, akasita. Habakuki aliona sura ya binti ikibadilika mbele yake, akadhani sasa ndiyo anatimuliwa. Badala yake Munira aliigeukia kompyuta akaanza kuzungumza, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Habakuki alisikia "utani" ikipita, akasikia "Sindeni," akasikia jina lake mwenyewe. Halafu akasikia "Mhina." Binti akamgeukia tena, na safari hii hakuwa anacheka.

"Baba Erasto, nani alikuwa wa kwanza kujua kwamba baba anaumwa?"

Habakuki alishusha mwiko. "Mimi," alisema.

"Waeleze ilivyokuwa. Mimi nitatafsiri."

Basi akaeleza, amesimama na majivu yake mashavuni. Siku moja alikuwa amepita Sindeni kununua mahindi, akakaribishwa ugali na kisamvu kwa Mhina. Akamwona mwenzake anaviringisha tonge vidoleni na halipeleki mdomoni. "Nikamwambia, wewe Mzigua, tangu lini unaogopa ugali? Na huo mwili umemwazima nani? Akacheka. Akaniambia, Msambaa umeniloga, tonge linakwama hapa." Habakuki akagusa katikati ya kifua. "Kwa mkewe alikuwa anasema ana vidonda vya tumbo. Kwa wenzake msikitini alisema amefunga sunna. Huyu binti yake, mtu wa maabara, hakumwambia hata nusu neno. Mimi aliniambia kwa sababu kwangu ni mzaha. Kwa mtani unaona haya ya nini? Kesho yake nikamburuta hospitali. Lakini tulikuwa tumechelewa."

Munira alitafsiri yote. Kisha kikaja kimya kingine, na safari hii Habakuki alikuwa na adabu ya kutosha kutokidhania ndio mwisho. Yule mama mwenye mvi alivua miwani. Mzee wa tai akauliza kitu, Munira akajibu bila hata kupumua, mikono inacheza hewani: Sindeni, Misima, Kang'ata. Habakuki aliyatambua majina ya kata basi, mengine yakampita.

Yalipokwisha, yamekwisha kweli sasa, Paulina akaingia na sukari yake. Akamtazama mumewe kuanzia ungo mpaka mwiko.

"Habakuki!"

Mkewe akimwita kwa jina lake badala ya Baba Erasto, mambo si mambo. Siku zilizofuata chai yake ililetwa bila sukari, na hakuthubutu kuuliza. Munira alimwambia asijali, tena akamtania, "Mlango umeuziba vizuri, bahati mbaya sina kuku." Akamweleza na jibu alilompa mzee wa tai: kila kijiji kina watani wake, atawafundisha hao dalili, nao ndio watauliza, harusini, msibani, gulioni, waulize kwa mzaha, kisha walete watu hospitali. Lakini Habakuki alimwona jioni anafungua simu, anafunga, anafungua tena. Mara moja alimsikia akimwambia Paulina jikoni, "Labda nimewachekesha tu, mama." Maneno hayo yalimchoma Habakuki. Sokoni akawa haongei. Wateja wake Wazigua walimtukania kabichi zake, akawapimia na kuwashukuru, mpaka wakaanza kuulizana kama mzee ana homa.

Siku Munira alipofika kibandani kwake ilikuwa mchana wa jua kali, ameshika simu mkononi. Hakusalimu. Akachagua kabichi kubwa kuliko zote, akaikumbatia, akaanza kuondoka nayo.

"Mwizi!" Habakuki alipiga kelele kwa mazoea. "Mshikeni Mzigua huyo!" Ndipo akaona mabega ya binti yanatetemeka. Akatoka kibandani mbio, ndala moja mguuni. "Munira? Wamekataa?"

"Wamenichukua, baba," alisema Munira, machozi yanadondokea kabichi. "Wamenichukua, na wanataka watani wawemo kwenye utafiti. Wamesema hicho ndicho walichokipenda."

Habakuki aliketi juu ya gunia la viazi akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mpaka wauza nyanya wa jirani wakaja kumuuliza kafiwa na nani. "Sijafiwa!" alifoka. "Nimefurahi! Hamjaona mtu akifurahi nyie?"

Wiki ya kuondoka, Munira alifanyiwa kisomo nyumbani kwao Sindeni. Dua zikasomwa, pilau likapakuliwa, wanawake mkekani upande huu na wanaume upande ule. Habakuki na Paulina walialikwa, na Habakuki alikuwa amerudi katika hali yake. Alipita katikati ya masinia ya watu akinyofoa nyama huku na huku, akiwatukana Wazigua wote waliomo na wale ambao hawajazaliwa. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Munira mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu.

Kwenye mkeka wa wanawake alikaa shangazi yake Munira, Bi Mwanaisha, dada mdogo wa Mhina, mwanamke wa mdomo na wa kazi, asiyekosa shughuli yoyote kijijini. Mbele yake palikuwa na bakuli la mchuzi mtupu. Sahani yake ya pilau alikuwa ameisogeza kwa watoto. Habakuki alimpita, akafika hatua chache mbele, akarudi.

"Wewe Mzigua," alisema, mikono kiunoni, "nyama ya bure unaikimbia? Tangu lini? Au meno uliyaazima, mwenyewe kaja kuyachukua?"

Wanawake wakacheka. Bi Mwanaisha naye akacheka, akampungia mkono amwondokee. "Kale mwenyewe, Msambaa mlafi. Kwangu haipiti siku hizi."

"Haipiti wapi? Foleni?"

"Hapa hapa." Akajigusa kifuani, bado anacheka. "Umeniloga, mchawi wewe."

Habakuki hakucheka. Aligeuka kumtafuta Munira kwa macho, lakini hakukuwa na haja. Munira alikuwa ameshasimama, ameliacha sinia lake, anawapita wanawake waliokuwa bado wanacheka. Alipiga magoti mkekani akaushika mkono wa shangazi yake.

"Tangu lini, shangazi?"

"Aa, jambo dogo tu hilo. Hata mwezi haujaisha. Wali ndio unakwama kidogo, uji unapita vizuri."

"Haujaisha mwezi?"

"Haujaisha."

Munira akafumba macho, akatoa pumzi. "Kesho asubuhi tunakwenda wote Korogwe kupima," alisema. "Kama ndiyo hiyo, shangazi, tumeiwahi. Lakini kwa nini hukuniambia? Wiki nzima nalala chumbani kwako!"

Bi Mwanaisha alimtazama binti wa kaka yake, kisha akamtazama Habakuki aliyesimama na kipande cha nyama mkononi.

"Nyie wote mliniuliza kama nimeshiba," alisema. "Huyu ndiye aliyeniuliza kwa nini sili."