Pua Ndiyo Kipimo

Kwenye karakana ya makabati ya mbao na chuma madirisha hufungwa ili vumbi lisinate kwenye vanishi mbichi, na moto hauwashwi mpaka fundi rangi mkongwe anuse kwanza kama hakuna harufu ya thina, kiyeyusha rangi kinachoshika moto upesi. Pua yake ndiyo kipimo.

"Shwari, shemeji," akamwambia mchomeleaji. "Choma."

Mara mke wa fundi akaingia na chakula, kajiziba uso kwa mtandio, anakohoa. "Jamani, thina imenikaba tangu barabarani!"

Fundi akavuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote. Akafunua bakuli la samaki wa kukaanga, akalisogeza puani. Patupu.

"Usiwashe!"

"Utani wako huo, shemeji," mchomeleaji akacheka, kidole kwenye swichi ya mashine.

Fundi akamrukia, wakaanguka wote chini.

"Una wazimu?"

"Pua yangu imekufa, shemeji," alisema akihema. "Wala sijui tangu lini."