Mfano Namba Saba

Darasani walimwita Shangazi, kwa sababu wenzake wote walikuwa wametoka sekondari juzi tu na yeye alikuwa na miaka thelathini na tisa. Jina halikumuudhi. Alikuwa ameacha kazi ya kufungasha sabuni kiwandani ili asome usalama na afya kazini, kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, na hakuwa na muda wa kununa. Alikaa mstari wa pili, akaandika kila kitu, na vipindi vikiisha vijana walimzonga wakitaka kunakili daftari lake.

Somo la uchunguzi wa ajali lilifundishwa na mwalimu mmoja mcheshi, mwenye viatu vinavyong'aa, aliyewahi kuwa afisa usalama viwandani kabla ya kuja chuoni. Kila wiki aligawa karatasi yenye mfano wa ajali ya kweli, majina yamefutwa, darasa likatafuta chanzo. Mfano namba saba ulisema hivi: mfanyakazi wa kiume, miaka ishirini na sita, kiwanda cha sabuni, aliingia kusafisha pipa la kuchanganyia bila kuhakikisha umeme umezimwa. Mashine ikawaka. Akapoteza mkono wa kulia. Chini yake kulikuwa na swali: Taja makosa matatu ya mfanyakazi.

Shangazi aliisoma mara mbili. Nyuma yake kijana mmoja alisema huyo jamaa aliitafuta ajali kwa tochi. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka.

"Mwalimu," alisema Shangazi, "aliyeiwasha mashine ni nani?"

Mwalimu akaangalia karatasi, akasema hilo halikuandikwa.

"Na kufuli la swichi lilikuwa wapi?"

"Swali ni makosa ya mfanyakazi, Shangazi. Tusitoke nje ya mada."

"Ripoti hii aliiandika nani?"

Akajibu, bila kujua anakopelekwa, kwamba aliiandika mwenyewe.

Shangazi akasimama. Aliwaambia kwamba mfanyakazi huyo ni mdogo wake, tumbo moja, na kwamba siku ile yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta akifungasha, akasikia. Swichi ya lile pipa ilikuwa chumba kingine. Mdogo wake aliizima kwa mkono wake. Mara tatu alikuwa ameomba kufuli la kuifungia, na mtunza stoo akamjibu kwamba lililopo ni moja tu, nalo limefunga friji ya meneja. Fundi wa zamu alipopita na kuikuta swichi imezimwa, akaiwasha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna mtu ndani.

"Andikeni hayo," aliwaambia vijana, "halafu mnitajie makosa matatu."

Mwalimu akamtoa nje. Kabla ya saa nane mkuu wa chuo alikuwa ameshamwita ofisini, akamwambia hasira hazimfaulishi mtu mtihani, na kumpa siku tatu alete barua ya kuomba radhi.

Nyumbani alimkuta mdogo wake uani akianika nguo, vibanio amevishika kwa meno. Miaka mitatu alikuwa havuki lango la ua ule. Watu walidhani anaona haya kwa ajili ya mkono. Shangazi alimweleza yote, akitarajia kwamba angalau leo watakasirika pamoja. Yeye akatoa vibanio mdomoni.

"Lakini dada, si ni kweli? Mimi mwenyewe nilitia dole gumba."

Ndipo akamsimulia ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya pili hospitalini, dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, alikuja afisa usalama kutoka ofisi kuu ya kampuni, mwandishi wa ripoti, huyohuyo mwalimu wa leo, akamwambia karatasi ni ya matibabu. Akamshika dole gumba la kushoto, akaligandamiza kwenye wino. Baadaye walipomsomea, alikuta amekiri uzembe. Tangu hapo aliamini mkono ule aliukata mwenyewe.

Shangazi hakujua amfokee nani: mwalimu, ndugu aliyenyamaza miaka yote hiyo, au yeye mwenyewe aliyelala chumba cha pili bila kuuliza. Akafungua daftari, somo la wiki ya kwanza, akasoma: kabla mtu hajaingia ndani ya mashine, swichi ifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia, kufuli hutolewa na mwajiri. Mdogo wake akamwambia arudie. Akarudia. Akaomba mara ya tatu.

"Kumbe walinidanganya nikiwa kitandani," akasema, na akalipiga teke beseni la nguo hadi maji yakafika mlangoni. Dada yake hakumzuia.

Barua ya radhi haikuandikwa. Shangazi alichukua fomu ileile ya uchunguzi waliyofundishwa, akaijaza upya. Alimsaka yule fundi wa zamu, ambaye sasa alitengeneza pasi mtaani. Fundi alilia, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, akatia sahihi. Mdogo wake alisoma kila mstari, kisha akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala. Nakala moja ilikwenda kwa mkaguzi wa kazi, nyingine ikatua mezani kwa mkuu wa chuo.

Shangazi alisimamishwa masomo wiki mbili. Aliporudi, karatasi ile ilikuwa imeondolewa kimyakimya na mwalimu hakumtazama usoni. Mwalimu huyo hakuomba radhi hadi muhula ukaisha. Shangazi naye hakumsamehe. Alifanya mtihani wake, akafaulu.

Mkaguzi alifungua faili upya, akawaita wote. Shangazi alikuwa amejipanga kuzungumza, lakini mdogo wake akamsimamisha mlangoni.

"Leo nitajisemea, dada."

Shangazi akabaki kwenye benchi ya ukumbini. Alisikia sauti ya meneja, ya chini, ya mwalimu, ya chini zaidi, kisha ya mdogo wake ikipanda hadi makarani wakainua vichwa. Mmoja alimwomba Shangazi aingie amtulize.

"Mwacheni amalize," akasema.

Alimaliza saa saba. Mkaguzi alifuta ripoti ya zamani na kuagiza kiwanda kifikishwe mahakamani. Mdogo wake alitoka amelowa jasho, hasira ingali usoni, akasema ana njaa, akatangulia kushika barabara kuu.